Gia boksi ya otomatiki ni mtaji, tusiijaze oili kwa kukisia

Katika wilaya ya Kilosa, gari dogo la Kijapani lililotumika limekuwa chombo cha kazi sawa na jembe. Noah inachukua abiria na magunia. Probox na IST zinapeleka nyanya na vitunguu barabara kuu ya Mikumi, ambako wanunuzi wa Morogoro na Dar es Salaam wanasubiri. Mengi ya magari haya ni otomatiki. Lakini mfanyabiashara anayejua bei ya gunia la mahindi katika kila gulio mara nyingi hajui gia boksi yake ina oili ya aina gani, wala kama imejaa. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo faida ya msimu mzima inapovujia.

Sina ugomvi na matengenezo ya nyumbani. Gereji kubwa ziko mbali, na fundi wa chini ya mwembe ametuokoa wengi. Tatizo ni namna kazi inavyomalizwa. Fundi akichomoa shafti ya gurudumu la mbele ili abadilishe sili, au akifungua bomba linalopeleka oili ya gia boksi kwenye rejeta ipoozwe, oili humwagika. Kazi ikiisha, hujaza kwa kukisia. Gari likienda mbele na nyuma, mwenye gari analipa, na kesho yake linapakiwa mzigo.

Ni vema ikaeleweka kuwa oili ya gia boksi ya otomatiki haifanyi kazi ya kulainisha vyuma tu. Ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kuelekea kwenye magurudumu, ndiyo inayosukuma klachi za ndani zishike, na ndiyo inayoondoa joto. Ikipungua, pampu huvuta hewa, gia huchelewa kuingia, klachi huteleza na kuungua. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huichapa mpaka itoe povu, na povu halina nguvu ya kusukuma kitu. Kwa hiyo ule usemi wa "ongeza kidogo kwa usalama" hauna usalama wowote.

Tupige hesabu kwa mfano, na kila msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme oili lita 4 kwa shilingi 15,000 kila lita ni shilingi 60,000. Tuseme gia boksi iliyotumika ni shilingi 900,000, ufundi shilingi 150,000, na gari linaloingiza shilingi 40,000 kwa siku baada ya gharama limelala siku 10, yaani shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 1,450,000, zaidi ya mara 24 ya bei ya oili. Hapo hatujahesabu nyanya zilizooza njiani wala rejesho la VICOBA, ambalo halisubiri gari lipone.

Kupima si kazi ya kitaalamu. Kwanza, fundi akinge oili inayotoka na kuipima, kisha arudishe kiasi hicho hicho kama hatua ya kuanzia. Asijaribu kujaza ujazo wote ulioandikwa kwenye kitabu, kwa sababu sehemu kubwa ya oili ya zamani hubaki ndani hata baada ya kufungua nati ya sampu. Kisha, kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, endesha gari mpaka lipate moto vizuri na ulisimamishe mahali tambarare. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia taratibu kutoka P hadi ya mwisho na kuirudisha P. Injini ikiendelea kuunguruma, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe usome. Oili iwe kati ya alama mbili za upande ulioandikwa HOT. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo kwa faneli safi na upime tena. Magari ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Yapo pia yasiyo na kijiti, ambayo hupimwa kwa nati ya chini kwa joto maalumu. Hayo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupima joto.

Aina ya oili nayo ni muhimu. Mkulima wa Kilosa anayefuata mbegu Ilonga hakubali kupewa mbegu yoyote ilimradi ni mbegu. Vivyo hivyo, gia boksi iliyoagizwa Type T-IV haikuagizwa WS, na ya CVT ina oili yake peke yake. Noah zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na gia boksi tofauti. Soma kijiti au kitabu cha gari, na ununue kopo ambalo halijafunguliwa.

Angalia pia rangi. Oili nyingi za aina hii zikiwa nzima ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuliwa. Ikifanana na maziwa, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta au kwa kuvuka mafuriko. Wilaya iliyoona Mto Mkondoa ukisomba reli mwanzoni mwa mwaka 2010 haihitaji kuelezwa nguvu ya maji. Gari lililopita kwenye maji marefu lipimwe kabla ya safari nyingine. Na likikwama, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu haizunguki, hivyo gia boksi hujisaga bila oili.

Nini kifanyike? Kila mwenye gari adai kikaratasi chenye mambo manne: aina ya oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia na kilomita za siku hiyo. Asiyepewa asilipe fedha yote. Mafundi wetu nao wasibezwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na chuo chake kipo hapo hapo Mikumi. Halmashauri inayotoa mikopo ya asilimia 10 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ingefanya jambo la maana kuvihesabu vikundi vya mafundi kuwa sehemu ya mnyororo wa mazao, kwa sababu nyanya haifiki sokoni bila wao.

Mkulima hapokei fedha ya mzigo bila mzani. Na aikatae gia boksi iliyojazwa bila kijiti.