Simba, Tembo, Chui: sura ya msanii ni mali ya nani?

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shomari

Ukiingia kwenye Bongo Fleva siku hizi utadhani umeingia Mikumi. Diamond Platnumz ni Simba, Harmonize ni Tembo, Rayvanny ni Chui. Majina haya ni nembo, na nembo ni mtaji. Huchapwa kwenye fulana, na mashabiki hutukanana mitandaoni kwa ajili yake.

Sioni ubaya wa msanii kujijengea jina. Diamond, yaani Naseeb Abdul wa Tandale, alielewa mapema kwamba wimbo peke yake haushibishi. Mwaka 2017 alitoa manukato ya Chibu, akatoa na Diamond Karanga. Aliyenunua pakiti ile dukani alinunua karanga na jina kwa pamoja. Hiyo ni akili ya biashara, nami naiheshimu.

Linaloniuma ni lingine. Majuzi nilialikwa kushuhudia video ikipigwa Sinza. Msanii mwenyewe ni kijana mdogo, rika la kitinda mimba wangu. Cheni ya kuazima shingoni, ameegemea gari la kukodi kwa saa, na kila akitabasamu meneja anamkemea: "Kaza sura, wewe ni staa!" Pembeni wanapanga kiki: ivume kwamba anatoka na mwanamitindo fulani, wimbo uachiwe Ijumaa.

Walipopumzika nikamuuliza nani analipia vyote hivi.

"Lebo, mama."

"Na mkataba umeusoma?"

"Ni wa Kiingereza, mama. Nilisaini tu."

Moyo ulinishuka. Katika mikataba mingi ya lebo, gharama za video, mavazi na matangazo hukatwa kwanza kwenye mapato ya msanii, ndipo naye apate chake. Kumbe mwanangu yule alikuwa ameegemea deni lake mwenyewe, anapigwa picha.

Na siku akitaka kuondoka? Harmonize alitoka Mtwara, akaingia WCB Wasafi, lebo ya Diamond, akatamba na "Aiyola" mwaka 2015. Alipojitoa mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, na kwamba ilibidi nyumba zake ziuzwe ili deni lilipike. Lebo iliyowekeza ina haki ya kudai chake, sibishi. Lakini Harmonize alikuwa na nyumba za kuuza, na alikuwa na mashabiki waliomfuata kwa jina lake la Konde Boy, lenye harufu ya Umakonde wake. Kijana wa Sinza atauza nini? Cheni si yake, gari si lake, na pengine hata jina analoitwa si lake.

Ombi langu kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ni moja: msanii anayesajiliwa aelezwe haki zake kwa Kiswahili, na mkataba wake uwepo kwa lugha anayoiota usiku.

Nanyi wanangu, kabla ya kusaini ulizeni mambo matatu. Jina la kisanii litabaki kwa nani? Akaunti ya YouTube ni ya nani? Deni litaisha lini? Sajilini kazi zenu COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki. Asiyejua Kiingereza amtafute mwanasheria, mwalimu, hata mjomba, amsomee ukurasa kwa ukurasa. Cheni ya kuazima hurudishwa jioni. Saini ikishawekwa, kuirudisha ni mamilioni.