Msimu Mzima, Wala Hakuna Aliyeuandika

Usiku wa tarehe 3 Juni 2023 nilikuwa nyumbani Chome, ukungu wa milima ya Upare umeshuka mpaka mlangoni. Kibanda umiza kilijaa hadi watu wakasimama nje wanachungulia kwenye nyufa za mbao. Jamaa wa mbele yangu alivaa makoti mawili, jezi ya kijani juu yake, basi akawa kama gunia la tangawizi. Kule Algiers, dakika ya saba tu, Djuma Shaban akafunga penalti. Kipindi cha pili Djigui Diarra akapangua penalti ya USM Alger, kibanda nusura kiondoke na paa lake. Mpira ukaisha 1-0. Yanga wameshinda fainali ya ugenini, na kombe limebaki Algeria. Jumla ni 2-2, ila wale waliondoka Dar es Salaam na magoli mawili ya ugenini.

Mzee mmoja pembeni yangu akauliza, bila utani hata kidogo: "Sasa mwanangu, tumeshinda au tumeshindwa?"

"Tumeshinda, mzee. Ila kombe lao."

Akatikisa kichwa, akatoka kwenye baridi.

Swali la yule mzee ni swali la riwaya. Nawauliza ninyi wenzangu mnaojiita wadau wa fasihi: nani kaliandika?

Najua mtakachosema, nimeshakisikia sana kwenye makongamano yenu. Eti mpira ni kelele, fasihi ni tafakuri. Eti tuwaachie watangazaji. Huo ni uvivu uliovaa miwani. Hebu utazameni msimu ule kama watu mnaojua hadithi inavyojengwa. Timu imeanza msimu ikiwa haijafungwa ligi nzima iliyopita. Oktoba inatolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Omdurman, watu wanataka kocha Nabi afukuzwe. Inaangukia Kombe la Shirikisho, kombe la waliokosa, inaenda Tunis na kumfunga Club Africain kwao. Novemba 29, Ihefu, timu ya Mbarali, inaifunga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Si Simba, si Azam. Ihefu! Mwandishi angebuni hivyo mhariri angemwambia ametia chumvi. Halafu Mayele, Mkongomani aliyewafanya watoto wa nchi nzima watetemeke kila wakifunga goli la chandimu. Halafu Rais anatangaza milioni tano kwa kila goli la kimataifa, siasa imeingia uwanjani mchana kweupe. Mna mhusika, mna mgogoro, mna mtawala na fedha zake. Mnataka nini tena, muhtasari?

Wamarekani wana besiboli, mchezo ambao wengi wetu hata sheria zake hatuzijui. Roger Kahn alikuwa mwandishi wa gazeti akiifuata Brooklyn Dodgers miaka ya 1950. Baadaye akawatafuta wachezaji wale wakiwa wamezeeka, akatoa *The Boys of Summer* mwaka 1972. Timu yenyewe ilikuwa imeshahama Brooklyn tangu 1957. Kitabu kimebaki. Na wala hakuna profesa anayemuuliza Kahn kwa nini alijishusha.

Nisijifiche nyuma ya maprofesa, maana sisi waandishi wa habari tuna dhambi kubwa zaidi. Sisi tulikuwepo. Tulikaa jukwaani, tulikuwa na vitambulisho shingoni, tukaandika nini? Tetesi za usajili. Nani anaenda wapi, kwa dau gani. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja makala ndefu kuhusu mashabiki waliosafiri na timu, akanirudishia na maneno manne: "Ndefu. Goli liko wapi?"

Mei 28, siku ya fainali ya kwanza kwa Mkapa, kulikuwa na msongamano wa kuingia uwanjani. Mtu alikufa, wengine wakajeruhiwa. Alitoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Tulimpa aya moja, halafu tukarudi kujadili kwa nini mabeki walilala dakika mbili tu baada ya Mayele kusawazisha. Nikisema msimu haujaandikwa, namaanisha yeye kwanza. Nahau ya tarakimu haimtoshi: "mmoja".

Wachapishaji nao watasema vitabu visivyo vya kiada haviuziki. Labda. Lakini waje Jumamosi moja pale Chome wahesabu watu wanaotoa jero mlangoni ili wasimuliwe hadithi ya dakika tisini, kisha waniambie Watanzania hawalipii masimulizi.

Wiki ile ile ya pili ya Juni Yanga walichukua Kombe la FA Tanga, ubingwa wa ligi ulishakuwa wao, na kabla msimu mpya haujaanza Nabi na Mayele wote walishaondoka. Kitabu kilijifunga chenyewe.

Desemba nilirudi nyumbani. Nikamkuta yule mzee kijiweni akiwahadithia vijana ile fainali. Kwenye hadithi yake Diarra alipangua penalti mbili, na mvua ilinyesha Algiers. Nilitaka kumsahihisha, nikatoa simu nitafute mahali pa kumwonyesha. Nikapata video ya nusu dakika, na juu yake tangazo la kubeti.