Mtoto Hatulii? Umtafutie Mwalimu wa Muziki Anayemfaa



Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto yule anayegonga sahani kwa kijiko na kupiga ngoma juu ya benchi la kanisa wakati wa mahubiri. Kwenye mazoezi ya korali anafukuzwa. Majirani wanasema, "Huyu mutoto ni wa fujo, mumupige tu." Wengine wanataja hata uchawi. Wazazi, sikieni: nguvu ile si pepo, si uchawi. Ni zawadi ambayo Mungu ameweka mikononi mwenu. Lakini nguvu isiyopewa kazi inajitafutia kazi. Katika miji yetu ya migodi tunajua inakokwenda: watoto wangapi waliacha daftari, wakaenda kuosha mawe mtoni na kubeba mifuko ya wachimbaji?

Basi, mtoto wa namna hii anataka mwalimu gani?

Kwanza, mwalimu anayejua kazi. Someni 1 Mambo ya Nyakati 15:22. Kenania aliwekwa kufundisha nyimbo kwa sababu alikuwa fundi wa kazi hiyo, si kwa sababu alikuwa ndugu ya mkubwa fulani.

Pili, mwalimu anayetumikisha mwili wa mtoto. Mwaka 1841, walimu wa shule ya Siku ya Mungu kule Uingereza walimwomba mchungaji John Curwen atafute njia nyepesi ya kufundisha kuimba. Alishika njia ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover, akaitengeneza. Ndiyo ile do-re-mi ya herufi ambayo korali nyingi za Afrika zinaijua. Kisha akaongeza alama za mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kinachotazama chini, la ni mkono unaoning'inia. Mtoto anayeimba kwa mikono hana nafasi ya kumchokoza mwenzake. Tena njia hii haidai piano. Hata umeme ukikatika, somo linaendelea.

Tatu, mwalimu mvumilivu. Usimwulize tu, "Unapiga vizuri?" Mwambie, "Uniache nikae nyuma, niangalie." Halafu hesabu: katika dakika 10, mtoto alipewa kitu cha kufanya mara ngapi? Aliambiwa "Nyamaza!" mara ngapi? Mwalimu mzuri anakata saa vipande vidogo: kuimba, makofi, ngoma, kusimama kidogo, kisha kurudi. Anaonyesha kosa bila kutukana. Mwalimu wa fimbo atapata mtoto kimya, lakini muziki utakuwa umekufa ndani yake.

Nne, ulinzi. Hata kama mwalimu ni mtu wa kanisa, hata kama ni mchungaji, somo lifanyike mlango wazi, mahali watu wanapita. Anayekataza mzazi kuangalia, huyo usimwachie mtoto wako.

Na feza je? Mpatane kwanza kwa posho nne tu, muone mtoto anavyoendelea. Kama feza haipo, zungumza na mpiga ngoma wa korali: mtoto apange viti, abebe ngoma, naye afundishwe. Nyumbani, dakika 10 kila siku ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa posho.

Vijana wa korali, neno langu la mwisho ni lenu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25 tunasoma juu ya waimbaji 288. Walipiga kura pamoja, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Yule mtoto anayesimama dirishani wakati wa mazoezi yenu, msimfukuze. Mumwite ndani, mumpe ngoma.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Ni mtoto gani kwetu ambaye tunamwambia "Nyamaza!" kila siku? Posho hii tutampa kazi gani?