Kiberiti Hakikutoka Jukwaani

Mama mmoja alinisimamisha langoni mazoezi yalipokwisha, amemshika bintiye mkono kama anayemtoa sokoni penye ghasia. "Mwalimu," akaniambia, "hii si drama. Hapa mnawafundisha kuchoma shule." Alikuwa ameona kipande kimoja tu cha mchezo wetu. Mvulana wa kidato cha tatu anachutama nyuma ya bweni la kadibodi, anawasha njiti, inazimika, naye anabaki ameishika kwa muda mrefu kuliko hadhira inavyoweza kuvumilia. Siku mbili baadaye uongozi wa shule, ambayo sitaitaja, uliagiza kiberiti kiondolewe. Mahali pake tuliambiwa tuweke barua: mvulana aandike malalamiko, ampelekee mwalimu mkuu, mwalimu mkuu amsikilize.

Tuliigiza hivyo. Tulipigiwa makofi. Vijana wangu walitazamana nyuma ya pazia, kwa sababu walijua, kama nilivyojua mimi, kwamba tumewadanganya watu waliokuja kututazama.

Yule mama simlaumu kwa hofu yake. Imani aliyokuwa nayo ndiyo ya wengi huku kwetu Kajiado, kuanzia mitaa mipya ya Kitengela hadi miinuko ya Rongai na Laiser Hill: kwamba kijana akionyeshwa vurugu, atafanya vurugu, na kwamba mtunzi anayeleta kisu jukwaani amekitia mkononi mwa mtoto. Nimeisikia kwenye mikutano ya wazazi na ndani ya matatu. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Inatunyima njia moja tuliyonayo ya kuutazama moto kabla haujawaka.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana wa shule yao. Wasichana 19 walikufa, na makumi walibakwa. Mwaka 1998 moto wa Bombolulu, Kwale, uliua wasichana 26. Mwaka uliofuata, katika shule ya Nyeri High, viranja wanne walichomwa moto wakiwa wamelala. Machi 2001 ilikuwa zamu ya Kyanguli, Machakos, si mbali na sisi: wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Wengi wao wamezikwa pamoja hapo hapo shuleni. Nataka anayelaumu jukwaa aniambie ni mchezo upi uliowafundisha. Simu za kutazamia filamu hazikuwapo mifukoni mwa wanafunzi. Wakati ule wakubwa walilaumu video, bangi, muziki wa kigeni, na wapo waliowalaumu mashetani. Mlango uliofungwa haukupata washtaki wengi kama hao.

Vijana wetu huona vurugu mapema, na huziona kwa watu wazima. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, mwaka ule ule wa Kyanguli, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa bweni kama amewahi kukisikia mgongoni. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na katika methali yote hiyo tumebaki na neno moja tu, kunja. Juni 2024 mvulana wa miaka 12 alipigwa risasi akafa Ongata Rongai, siku za maandamano. Agosti mwaka huo huo wanaharakati watatu walitekwa Kitengela na kuzuiwa kwa mwezi mzima. Wanafunzi wangu waliyajua yote hayo kabla ya gazeti kufika. Waliporudi mazoezini hawakuwa na haja ya kufundishwa na mtunzi jinsi gari lisilo na nambari linavyosimama kando ya mtu.

Anayedhani jukwaa hufundisha kupiga hajawahi kuona jinsi kofi la jukwaani linavyotengenezwa. Kofi hilo huongozwa na anayepigwa. Anayepiga humtazama mwenzake machoni na kusubiri ishara. Bila ishara hainui mkono. Mkono hupita shubiri moja mbele ya uso, na mlio hutoka kwenye kiganja cha yule anayepigwa, akijipiga pajani mahali ambapo hadhira haioni. Tunarudia mara thelathini, arobaini, polepole kwanza. Mmoja akiwa na hasira ya kweli siku hiyo, tunaacha. Kisha wanabadilishana: aliyekuwa mpigaji anapigwa, na ndipo mara nyingi mvulana hunyamaza, akagundua kwamba hajui afanye nini na uso wake. Katika maisha ya kijana wa miaka 16 hakuna vurugu nyingine inayotaka ridhaa ya anayeumizwa. Nyumbani haitaki, barabarani haitaki, bwenini usiku haitaki. Tukifunga ukumbi tunafunga mahali pekee ambapo anafundishwa kuuzuia mkono.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito zaidi. Shule ikiungua, wakubwa huunda kamati kuuliza ni nani. Mwigizaji hawezi kuishia hapo, kwa kuwa "nani" ameshapewa; ni yeye. Lazima aulize: dakika mbili kabla ya kuwasha njiti nilikuwa nataka nini? Nimetoka wapi? Nani amenicheka leo asubuhi? Mvulana aliyeigiza ile sehemu yetu alinijia na jibu ambalo sikulitarajia. Alisema mhusika wake hakutaka shule iungue. Alitaka kupelekwa nyumbani. Karo yake haijalipwa, mitihani iko karibu, na hajui namna nyingine ya kufunga shule. Nikalikumbuka jibu hilo kila niliposoma habari za migomo baadaye.

Wenye imani ile wana hoja moja ambayo ni lazima niikubali. Moto wa shule huambukiza. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja zilichomwa, na wengi walichoma kwa sababu walisikia wenzao wamechoma. Lakini angalia kilichosafiri kutoka shule hadi shule. Ilikuwa ni habari ya moto pekee: wamechoma, wamefungiwa, wamekwenda nyumbani. Hakuna aliyesafirisha asubuhi iliyofuata, mzazi anayeulizwa mwanawe alilala kitanda cha ngapi. Mchezo mzuri hukaa asubuhi hiyo. Ndiyo, ipo michezo mibaya, inayofurahia damu, na nimekaa ukumbini nikaona aibu hadhira ikishangilia mwalimu akipigwa. Dawa ya mchezo mbaya ni mwelekezi bora na saa nyingi za mazoezi. Mwenye kufuta tukio lote ametuachia ule uvumi peke yake.

Na hofu hii haiko kwa wazazi pekee. Mwaka 2013 mchezo wa Cleophas Malala, Shackles of Doom, ulioigizwa na wasichana wa Butere, uliondolewa kwenye tamasha la kitaifa la drama za shule hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Miaka 12 baadaye shule hiyo hiyo ilikuja na Echoes of War, mchezo wake mwingine, kuhusu ufalme wa kubuni unaojaribu kupona baada ya vita huku vijana na wazee wakipimana nguvu. Ukafungiwa tena, na mahakama ikaamuru tena. Malala alizuiliwa na polisi alipokwenda kuwaona waigizaji wake kwenye tamasha huko Nakuru. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025 wasichana hao walikuta ukumbi usio na hadhira wala vyombo vya sauti. Waliimba Wimbo wa Taifa, wakatoka. Nje, polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi.

Ni halali kuuliza kama mwanasiasa, tena aliyekuwa seneta, anafaa kuwatungia wanafunzi. Nimeliuliza swali hilo mwenyewe. Ila siku ile vurugu zote zilikuwa nje ya mchezo. Wasichana hawakurusha hata kiti kimoja. Tuliambiwa kwamba mchezo wao ungewachochea vijana, kisha wao wakawa watu watulivu kuliko wote waliokuwepo Nakuru.

London nako waliogopa hivi. Mwaka 1965 ilikuwa zamu ya Saved, mchezo wa Edward Bond, ambamo vijana wa mtaa wa kimaskini wanampiga mawe mtoto mchanga bustanini hadi anakufa. Mchezo ulikataliwa, na ukumbi ulipouonyesha kwa njia ya klabu ya wanachama ukapelekwa mahakamani. Miaka mitatu baadaye Uingereza ilifuta sheria ya kukagua michezo ya jukwaani. Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo.

Laiser ni jina la ukoo wa Kimaasai, na ardhi hii tuliyoijengea magorofa ilijua jambo ambalo sisi wageni wake tumelisahau. Wamaasai hawakujifanya kwamba mvulana hana ukali ndani yake. Waliupa ukali huo uwanja, majira na mashahidi: Enkipaata kwa wavulana wanaoingia rika, Eunoto kwa morani wanaoanza kuacha umorani, Olng'esherr kwa wanaokuwa wazee. UNESCO iliorodhesha sherehe hizo tatu mwaka 2018 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwenye Eunoto wapo morani wanaotetemeka na kulia mbele ya watu wote, wenzao wakiwashika wasianguke, na nywele ndefu za ujana hunyolewa na mama. Sisemi kwamba morani hawakuwahi kumwaga damu, walimwaga. Nasema kwamba jamii nzima ilikuja kutazama, na mama wa kijana alikuwa pale na wembe. Sisi tumewalundika vijana 80 katika bweni moja, tukawafungia kwa nje, na mmoja wao akitaka kutuonyesha kilicho moyoni mwake tunamwambia aandike barua.

Muhula huu nimewarudishia vijana kiberiti, katika kikundi kisicho cha shule, kwenye ukumbi wa kukodi hapa Kitengela. Nimemwalika yule mama, na amesema atafikiria. Jumamosi iliyopita kijana anayeigiza kiranja aliyelala bwenini alisimamisha mazoezi akaniuliza, "Mwalimu, nikifika mlangoni, nikute umefungwa kwa ndani au kwa nje?" Nilikuwa nimeandika tu kwamba anafika mlangoni. Mwenye kiberiti akasema kwa ndani, kwa sababu kama ni kwa nje basi hakujua. Kiranja akasema, "Basi ulijua nini?" Hatukuigiza tena mchana huo. Tulikaa sakafuni wote 14 hadi saa kumi na mbili, tukizungumza habari za mlango.