Akili bandia: Kanuni za kazi ni mali ya kikundi, si ya chombo

Tarehe 11 mwezi wa saba 2025, mpango wa OpenAI wa kununua Windsurf, chombo cha akili bandia kinachosaidia kuandika programu za kompyuta, ulivunjika. Siku hiyohiyo Google ikamchukua mkurugenzi wake, Varun Mohan, pamoja na baadhi ya watafiti, katika makubaliano ya dola bilioni 2.4. Siku tatu baadaye, kampuni Cognition ikatangaza kwamba inanunua kilichobaki. Kabla ya hapo, mwezi wa sita, Anthropic ilikuwa imepunguza sana nafasi ya Windsurf kutumia moja kwa moja modeli zake za Claude. Mwezi huohuo, kampuni yenye Cursor ilibadilisha namna ya kulipisha. Tarehe 4 mwezi wa saba ikaomba radhi na kuahidi kurudisha pesa kwa waliotozwa bila kutarajia.

Kwa wenye kuandika programu, funzo liko wazi. Chombo cha leo kinaweza kubadilisha mwenyewe, bei ama uwezo ndani ya wiki moja. Huko Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, sababu inaweza kuwa ndogo zaidi: karti imekataa, abonema imekatika, lazima kuhamia kwingine.

Kuhama chenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachopotea ni kanuni. Kila kikundi kina zake: faili zipi zisiguswe, majaribio gani yafanywe kabla ya kazi kupokelewa, majina yaandikwe kwa Kifaransa ama Kiingereza. Tuseme programu ya duka ina kanuni kwamba kiasi cha franka na kiasi cha dola visijumlishwe pamoja. Msaidizi mpya asipoiona kanuni hiyo, halalamiki. Anaandika tu, na kosa linaonekana siku ya kufunga hesabu.

Sababu ni kwamba kila chombo kilizoea kusoma mahali pake. Cursor inasoma kabrasha la .cursor/rules, GitHub Copilot faili ya copilot-instructions.md, Claude Code faili ya CLAUDE.md. Mwaka 2025 ilitokea njia ya pamoja: AGENTS.md, faili ya maandishi ya kawaida inayokaa ndani ya mradi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo iliwekwa chini ya Linux Foundation. Vyombo vingi vinaisoma, Cursor na Copilot vikiwemo. Katika Claude Code, mstari mmoja ndani ya CLAUDE.md unatosha kuiita.

Kwa hiyo kanuni za msingi ziandikwe mara moja, katika AGENTS.md, na faili za kila chombo zibaki fupi. Zihifadhiwe pamoja na msimbo katika Git, ili kila badiliko lionekane na lijulikane nani alilileta. Zile zilizoandikwa ndani ya mipangilio ya akaunti ya mtu zitolewe humo, maana hazimfuati anapohama. Na maneno ya siri yasiingie kamwe.

Wapo watakaosema faili moja inapoteza uwezo wa kila chombo. Ni kweli kwa sehemu: Cursor, kwa mfano, inaruhusu kanuni ihusu aina fulani ya faili tu, na ukizimwaga zote pamoja zinakuwa mzigo. Pia maandishi yaleyale hayatiiwi sawasawa na wasaidizi wawili. Ndiyo sababu kunakili hakutoshi: baada ya kuhama, msaidizi mpya apewe kazi ndogo ambayo matokeo yake yanajulikana, na jibu lipimwe.

Zaidi ya hayo, kanuni ambayo kompyuta inaweza kuikagua isibaki ombi la maneno. Ile ya franka na dola igeuzwe jaribio linalokataa kazi mbaya, iwe imeandikwa na Cursor, na Claude ama na binadamu. Jaribio halijali abonema ya nani imekatika.

Kampuni zitaendelea kununuana na bei zitaendelea kupanda na kushuka. Kikundi hakiwezi kuzuia hayo. Kinachoweza ni kufungua mipangilio yake wiki hii, kutoa kanuni zake humo, na kuziweka ndani ya mradi wake mwenyewe.