Tuwashukuru baba zetu wangali hai

Naomba nami nitoe yangu ya moyoni kuhusu jambo ambalo nimeliona kwa muda mrefu kijijini kwetu, na ambalo naamini lipo katika vijiji na miji mingine ya nchi yetu. Jambo lenyewe ni kwamba baba zetu, pamoja na wale wote waliotulea kama baba, tunawashukuru wakiwa wamekwisha kufa. Wakiwa hai tunawaamkia tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kijijini mwalimu hana kazi moja. Ukitokea msiba, watu hunijia na karatasi kuniomba niwaandikie wasifu wa marehemu. Mtoto aliyesafiri usiku kucha kwa basi hukaa mbele yangu na kunieleza jinsi mzee wake alivyombeba begani kuvuka mto wakati wa masika ili asikose mtihani, jinsi alivyouza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya sare za shule, na jinsi ambavyo hakupata kumpiga hata siku moja. Mimi naandika. Kesho yake nausoma wasifu huo pale makaburini, na watu wazima wanafuta machozi.

Mjane mmoja alinifuata baada ya arobaini kuniuliza ni nani aliyenipa habari zile nilizosoma. Nilipomjibu kuwa ni wanawe, alisema marehemu angefurahi sana kujua kwamba watoto wanayakumbuka mambo hayo, maana yeye alidhani wamekwisha kusahau. Tangu siku hiyo kila nikiandika wasifu najiuliza kwa nini maneno mazuri namna hii anasomewa mtu ambaye hasikii.

Wako watakaosema kwamba heshima ipo, kwa kuwa vijana wetu bado wanatoa shikamoo. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini shikamoo tunampa kila aliyetuzidi umri: mpita njia, muuza samaki, hata kondakta wa basi. Hiyo ni heshima ya umri. Sasa yule aliyelala na njaa ili sisi tule, fungu lake la peke yake ni lipi?

Wengine watasema wanatuma fedha. Hilo nalo ni jema, na wazee wengi wangepata taabu bila hizo fedha. Lakini zamani fedha zilipokuja kwa posta, mara nyingi zilifuatana na barua, na barua hiyo mzee aliiweka chini ya godoro akasomewa tena na tena. Siku hizi fedha zinafika kwenye simu kwa dakika moja. Anachopata mzee ni ujumbe wa kampuni ya simu unaotaja kiasi, salio na namba ya muamala. Yuko mzee jirani yangu ambaye huniletea simu yake nimsomee ujumbe wa namna hiyo kila mwanawe anapomtumia. Nikimaliza huniuliza, "Hajasema kitu kingine?" Hajasema, mzee.

Ndugu Mhariri, lugha yetu yenyewe inatufundisha kwamba baba ni zaidi ya mtu mmoja. Katika Kiswahili kaka yake baba ni baba mkubwa, na mdogo wake ni baba mdogo. Tunaye baba wa kambo na baba mlezi. Wako pia babu, mjomba na shemeji ambao wamelea watoto wasiokuwa wao mpaka wakasimama. Mwanaume akishapata mtoto wa kwanza, hata jina lake linawekwa kando na majirani wanamwita Baba Asha au Baba Juma mpaka anazeeka. Wahenga nao walikwisha kumaliza: kuzaa si kazi, kazi kulea.

Taifa letu nalo lilitoa mfano. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kila mwaka tarehe hiyo tunamkumbuka. Lakini jina la Baba wa Taifa hakupewa kaburini. Alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, miaka mingi kabla ya kufa. Ikiwa nchi nzima iliweza kumwambia mtu mmoja "wewe ni baba yetu" angali hai, familia moja yenye watoto watano inashindwaje?

Katika maandishi yetu pia kuna pengo. Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliandika utenzi wa Hati kwa binti yake na utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Wazazi wamesema na watoto wao kwa beti nyingi, na sisi walimu tunazifundisha. Majibu ya watoto kwa wazazi ndiyo machache. Na ukihesabu nyimbo za kumshukuru mama utachoka, lakini za baba utazitafuta.

Mimi mwenyewe baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Aliyenilea ni mdogo wake, fundi wa baiskeli chini ya mwembe karibu na soko. Kwa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kufunga spoki alinisomesha mpaka kidato cha nne pamoja na wanawe wanne. Nilipochaguliwa kwenda Chuo cha Ualimu Mpwapwa, ada haikutimia. Aliuza baiskeli yake mwenyewe, na kwa miaka miwili fundi wa baiskeli akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Likizo moja ya Desemba nilimwambia hayo mbele ya wanawe na wanangu, baada ya chakula. Nilisema: "Baba, najua uliuza baiskeli yako ili niende chuo. Najua ulikuwa unatembea. Kila ninaposhika chaki nakukumbuka. Ahsante." Hayakuzidi hayo. Yeye alivua kofia, akaivaa tena, akasema chai inapoa. Lakini mama mdogo ameniambia kwamba tangu wakati huo hakuna mteja anayeleta baiskeli pale mwembeni asiyeelezwa kwamba fundi huyu ana mwalimu. Hayo ndiyo malipo niliyomwona akiyafurahia kuliko shuka na kilo za sukari nilizompelekea miaka yote.

Kutokana na hilo, nilipofika kwenye somo la barua ya kirafiki katika darasa ninalolifundisha, niliwaambia wanafunzi waandike barua kwa mwanaume aliyewalea, awe baba, babu, mjomba, kaka au jirani. Niliweka sharti moja: wasiandike jinsi mtu huyo alivyo, waandike alichofanya. Maana mtoto ukimwachia hivi hivi ataandika "wewe ni baba bora kuliko wote duniani", na maneno hayo unaweza kumpelekea baba wa mtu mwingine yasiharibike kitu.

Matokeo yalinishangaza. Mmoja alimshukuru babu yake kwa kumchongea penseli kwa kisu kila asubuhi. Mwingine alimshukuru baba wa kambo kwa kumwandikisha shule kwa jina lake bila kuulizwa. Wa tatu alimwandikia kaka yake, ambaye aliacha shule akaenda kuchoma mkaa ili wadogo zake wasome. Wawili waliniambia hawana mwanaume wa kumwandikia. Niliwaruhusu wamwandikie mama, na sikutaka kuwauliza zaidi. Barua zote zilipelekwa nyumbani, na wiki ile baadhi ya wazazi ambao sijawahi kuwaona kwenye mkutano walifika shuleni kuuliza maendeleo ya watoto wao.

Hapa najua nitapingwa, na ni haki nijibu. Pingamizi la kwanza ni kwamba wako baba wasiostahili shukrani. Wako waliotelekeza familia, wako waliokunywa mavuno yote, wako waliofanya nyumba kuwa mahali pa hofu. Nakubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na asiyetimiza hayo hana sababu ya kudai sifa. Mtoto asilazimishwe kumshukuru aliyemuumiza. Shukrani ya kulazimishwa ni uongo, na uongo haumheshimu mtu. Ndiyo sababu nasisitiza tuseme alichofanya mtu. Asiyefanya kitu hatakuwa na cha kusemewa, na pengine ukimya huo utamfundisha.

Lakini tusiwaadhibu wema kwa makosa ya wabaya. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 31, unamtaka mtoto naye aheshimu wazazi na wakubwa wake wakati wote na kuwasaidia wanapohitaji. Wajibu una pande mbili, na upande wa mtoto hauishii kwenye kutuma fedha.

Pingamizi la pili nimelisikia kwa wazee wenyewe, kwamba kumsifu mtu usoni ni kumdekeza, au ni kama kumwaga. Mzee mmoja aliniambia kwamba baba ni wa kuogopwa, siyo wa kusemeshwa. Namheshimu, lakini siafikiani naye. Mkulima akipata mavuno mazuri tunampongeza mbele ya mkutano wa kijiji, na mwanafunzi akifaulu tunampigia makofi. Zamani wananchi walituma salamu redioni kwa wagonjwa katika kipindi cha Ugua Pole cha Redio Tanzania, na hatukusema kwamba wanawadekeza wagonjwa. Hofu ya baba ina faida mtoto akiwa mdogo. Mtoto akishakuwa na watoto wake, hofu hiyo inabaki kuwa ukuta tu kati ya watu wawili wanaopendana.

Wako pia wanaosema haya ni mambo ya wageni, ya ile Siku ya Baba ya Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni. Siku hiyo ilianzia Marekani, katika mji wa Spokane, mwaka 1910. Aliyeianzisha ni Sonora Smart Dodd, ambaye baba yake aliwalea yeye na wadogo zake wa kiume baada ya mama yao kufariki. Sheria ya kuifanya siku ya taifa zima kule kila mwaka ilitiwa saini mwaka 1972. Mimi sina haja ya kuigombea wala kuipinga. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba huyo mama alimtafutia baba yake shukrani wakati mzee mwenyewe bado anaishi. Kumwambia mzazi ahsante hakuna mwenyewe, na wala hakuhitaji kadi ya kununua wala keki.

Kwa hiyo naomba kutoa mapendekezo matatu.

Kwanza, walimu wenzangu tulitumie somo la barua kwa jambo hili. Halihitaji bajeti wala semina. Siku ya mahafali, mahali pa risala ndefu inayotuorodhesha upungufu wa madawati, tuweke nafasi ya watoto wawili au watatu kusoma barua zao mbele ya wazazi. Upungufu wa madawati tunaweza kuuandikia wanaohusika siku nyingine.

Pili, familia zinapokutana, iwe sikukuu ya Idi au Krismasi, harusi au kipaimara, mtoto mmoja apewe dakika tano amseme mzee angali amekaa pale. Kama wasifu unaweza kuandikwa usiku mmoja wa msiba, unaweza pia kuandikwa katika mwaka mzima wa uzima.

Tatu, ninyi mlioko mjini, mkishatuma fedha, pigeni simu. Msiseme tu "imefika?" Mtajieni mzee jambo moja alilowafanyia ambalo hamjalisahau. Kama sauti inakataa kutoka, kwa maana wengi wetu hatukuzoezwa, andikeni. Mkiandika kwa mzee asiyejua kusoma, kijijini pana mwalimu, na kazi hiyo tutaifanya kwa furaha kuliko ile nyingine tunayoifanya.

Ndugu Mhariri, sisemi tuache kusoma wasifu makaburini. Marehemu wana haki yao, na wafiwa wanahitaji kufarijiwa. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo ikifika, kusiwe na neno hata moja katika karatasi yangu ambalo mzee mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa,
MOROGORO.