Kompyuta Imefika Shuleni, Mtoto Je?

Imani imeota mizizi kwamba kompyuta ikishafika shuleni, imemfikia kila mtoto. Wanaoishikilia wana nia njema. Lakini kwa Watwa, jamii ya wachache, wa Gitega na Muyinga nchini Burundi imani hiyo ni kosa, tena kosa linaloumiza.

Somo hili tulishapewa. Mwaka 2005 Burundi ilifuta ada ya shule za msingi, madarasa yakafurika. Hata hivyo watoto wengi wa Kitwa walibaki nyumbani au waliishia njiani, maana daftari, sare na chakula cha mchana viliendelea kudai pesa ambazo wazazi wao hawana.

Mtazame mama mfinyanzi wa Kitwa. Udongo anauchimba bondeni, anaubeba kichwani, anaukanda na kuufinyanga kwa mikono mitupu, kisha anachoma vyungu kwa majani makavu. Sokoni chungu chake kinapambana na sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki, na pengine anarudi na maharagwe ya mlo mmoja tu. Shamba hana. Mwanawe anapokosa shule ili amsaidie kubeba udongo, hajaikataa elimu. Anatafuta chakula cha jioni. Kama siku hiyo ndiyo zamu ya darasa lake kwenye kompyuta, wenzake wanasonga mbele naye anaachwa. Mashine iliyoletwa kuziba pengo imelipanua.

Na si Burundi tu: Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona alama za hesabu wala za lugha zikipanda.

Sisemi kompyuta zisije. Zije, na umeme wa jua uje nazo. Ila zitanguliwe na uji wa shuleni, cheti cha kuzaliwa, daftari, na mwalimu asiyemsukuma Mtwa kwenye dawati la nyuma. Na wenye miradi waache kutuhesabia mashine. Watuhesabie saa ambazo kila mtoto wa Kitwa amezitumia mbele ya mashine hizo.

Katiba ya Burundi ya 2005 iliwatengea Watwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti. Nchi iliyoweza hayo haishindwi kumtengea binti wa mfinyanzi kiti mbele ya kompyuta, pamoja na sahani ya maharagwe itakayomwezesha kuja kukikalia.